Sijda Ndefu ya Fundi Magodoro

Sogeeni mbele, ndugu zangu. Kila siku hapa mbele mnapaacha wazi kana kwamba pamemwagwa miiba. Na wale waliosimama juani waingie ndani, nafasi ipo. Jana alasiri nilikaa barazani kwangu nikisubiri chai ipoe, ikapoa mpaka ikawa maji, kwa sababu mtu mmoja alinijia kichwani akakataa kuondoka. Simjui mtu huyo. Nimemtunga mwenyewe. Basi asitoke mtu hapa akaanza kumtafuta mitaani, maana nawajua vizuri.

Alikuwa fundi magodoro katika mji mmoja wa bara, mji wenye stesheni ya treni na vumbi jekundu. Si haya magodoro ya sponji ambayo vijana wetu wamezaliwa juu yake. Yeye alijaza sufi. Asubuhi alikaa chini kwenye jamvi, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha, akaichapa sufi kwa fimbo mbili ili ilainike, nayo ikapaa. Mnaikumbuka sufi inavyopaa? Haina haraka ya kushuka. Ilining'inia kwenye mwanga mbele ya kibanda chake, nyeupe, kimya, na aliyepita pale kwenda sokoni alifika sokoni akiwa na mvi. Miaka thelathini na moja fundi yule alikaa ndani ya wingu lake dogo, akawatengenezea watu mahali pa kulala, maharusi, wazazi na wagonjwa.

Na adhana ilipoita, alijipangusa, akaenda msikitini, akasimama safu ya mbele, nyuma ya imamu, kulia kidogo, chini ya feni. Pale palikuwa pake. Hapakuandikwa jina lake, lakini nani angethubutu kusimama pale? Ninyi wenyewe mna mahali penu humu ndani, msinitazame hivyo.

Basi nyonga ikaanza. Kwanza ilimuuma akinyanyuka tu. Halafu ikamuuma akikaa. Mwisho ikamuuma akiwa amelala juu ya godoro alilolishona kwa mikono yake, na hapo akajua jambo limekuwa jambo. Akaenda hospitali ya mkoa, wakampiga picha, daktari akamwonyesha jinsi kichwa cha mfupa wa paja kilivyolika, mfupa ukawa unasagana na mwenzake.

"Tutakuwekea nyonga ya bandia, mzee wangu," daktari alimwambia. "Lakini foleni ni ndefu. Miezi saba, labda minane. Kwa sasa tembea na mkongojo, fanya mazoezi nitakayokuonyesha, tumia hizi dawa ndogo za maumivu, na ukiswali, swali umekaa kwenye kiti."

Fundi aliukubali mkongojo. Aliyakubali mazoezi. Kiti alikikataa moyoni kabla daktari hajamaliza kusema.

Kwa nini? Msikitini kwao kulikuwa na kiti kimoja tu, cha plastiki, kimewekwa nyuma kabisa karibu na viatu. Alikikalia mzee wa miaka themanini aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli. Zamani mzee huyo alikuwa akisimama mbele pamoja na wenzake, kisha siku moja wakamwona amehamia nyuma, ameketi. Mnajua ni nani aliyempa jina la utani? Fundi wetu. Watu wanavaa viatu baada ya swala, yeye akamwambia, "Naona umepata siti, abiria." Watu wakacheka. Mzee mwenyewe akacheka. Tangu hapo msikiti mzima ukamwita Abiria. Sasa fundi huyo huyo akakae pale, katikati ya makubazi na ndala, aitwe nani? Kondakta?

Akaenda kwa mtu mmoja sokoni, nyuma ya maduka ya nafaka, anayewauzia wabeba magunia vidonge vya rangi mbili ili wasisikie mgongo. Tramadoli. Msijifanye hamlijui jina. Ni dawa, tena dawa ya kweli. Daktari anaweza kukupa ukiwa na maumivu makali, lakini daktari anahesabu siku. Mtu wa sokoni hahesabu siku. Alimfungia vidonge kumi kwenye kipande cha gazeti, akamwambia, "Kimoja kinakutosha, bwana fundi."

Alimeza kimoja kabla ya adhuhuri. Hapa nataka mfumbe macho kidogo, mjue alichokihisi, kwa sababu ukimhukumu mtu bila kuujua utamu uliomshika, unamhukumu mtu mwingine.

Alipofika msikitini, maumivu yalikuwa bado yapo, ila yamekwenda kukaa mbali, kama redio ya jirani. Feni ilizunguka polepole. Sauti ya imamu ilimfikia imefungwa kwenye kitambaa laini. Alirukuu, nyonga ikakunjika bila kelele. Alisujudu, na paji la uso lilipogusa mkeka, mkeka ukamkubali, ukashuka naye chini, chini zaidi, mpaka mahali penye joto la asubuhi, ambapo sufi ilikuwa ikianguka juu ya kila kitu. Alimwona marehemu mama yake anaanika mito juani. Mama hakusema neno. Aliugeuza mto mmoja upande wa pili, akaupigapiga, akamtazama kama mtu anayemwambia mtoto alale kidogo tu, bado mapema. Imamu akasema takbira. Fundi akanyanyuka, amechelewa, mashavu yamelowa.

Na watu wakayaona machozi.

Alikuwa na rafiki aliyesimama kila siku ubavuni kwake, mwenye duka la vitambaa. Walipotoka, rafiki alimshika mkono.

"Mwenzetu umefika mbali," alisema. "Ile sijda yako ya leo imenitia haya. Mimi nilikuwa nawaza bei ya kanga."

Angeweza kumwambia. Palikuwa na watu wawili tu na jua la adhuhuri. Lakini alisema, "Ni kumshukuru Mungu tu," na uongo wa kwanza ukapita hivyo, mfupi, tena una jina la Mungu ndani yake.

Kile kimoja kikawa viwili. Mwezi wa nne vilikuwa vitano kwa siku, mwezi wa sita vinane, maana mwili ukizoea dawa hizi unadai nyongeza, na maumivu nayo yanajifunza kuzipita. Sijda zikarefuka. Safu nzima ilikuwa imeshakaa, yeye bado yuko chini. Watu wakaanza kumsubiri wampe mkono. Akina mama wakamtuma mwenye vitambaa akamwambie fundi awaombee dua. Na imamu wao, Mungu atusamehe sisi maimamu, akamtolea mfano juu ya mimbari, akasema huyu ndiye mtu aliyesahau dunia. Kweli alikuwa ameisahau. Na alikuwa amemsahau na Mola wake, kwa kuwa mle chini alikuwa amesinzia. Mnajua tulivyokatazwa kuisogelea swala akili ikiwa haipo. Yeye naye alijua, na kila alipokuwa macho ilimuuma kuliko nyonga.

Mkewe hakudanganyika. Anayefua koti la mtu anajua kilichomo mfukoni.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi moja, "zamani ukiamka ulikuwa unauliza chai. Siku hizi unauliza koti."

"Ni dawa za nyonga, mama. Nikishapasuliwa nitaziacha."

"Basi siku hiyo mwambie daktari kwamba unazitumia."

"Nitamwambia."

Alisema kwa nia kabisa. Msidhani mtu wa namna hii anakusudia kudanganya. Anakusudia kusema kesho.

Siku ikafika, akalazwa, upasuaji ni kesho yake asubuhi. Mnajua desturi yetu, mgonjwa haachwi peke yake. Watatu wa safu ya mbele walikwishafika na machungwa na chupa ya chai, imamu wao yumo, mwenye vitambaa yumo, wamekaa ukingoni mwa kitanda mpaka mgonjwa hana pa kunyoosha mguu. Mkewe alikuwa amekwenda kufua. Ndipo akaja daktari wa usingizi, binti mwenye miwani na faili mkononi, yule ambaye kazi yake ni kukulaza ili usisikie kisu, kisha kukulinda na maumivu ukiamka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina maswali machache. Naomba wageni watupishe kidogo."

"Hawa ni ndugu zangu," fundi alisema. "Sina siri nao."

Na wageni hawakusogea hata hatua. Nani kati yetu angesogea?

"Haya. Kuna dawa yoyote unayotumia, baba? Hata ya kienyeji, hata ya kupewa na jirani, hata ya dukani. Hasa za maumivu. Usinifiche, maana kipimo nitakachokupa kinategemea jibu lako."

Fundi aliliona koti lake limetundikwa kwenye msumari. Alimwona imamu wake anatabasamu. Aliiona safu ya mbele yote imekaa kitandani kwake, na mahali pake chini ya feni panamsubiri.

"Zile ndogo mlizonipa tu," alisema. "Siku moja moja."

"Huyu, binti yangu, dawa yake ni sijda," mwenye vitambaa akadakia. "Andika hivyo."

Wakacheka wote. Binti naye akatabasamu, akaandika. Jioni mke akarudi, akalipeleka koti nyumbani akalifue, asijue mumewe amejibu nini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nasema tena, ulikwenda vizuri kabisa, mfupa mpya ukakaa mahali pake. Lakini alipoamka, maumivu yalikuwa yamekaa kitandani yanamsubiri. Wakamchoma sindano ya kipimo cha mtu asiyewahi kuonja dawa hizo, na mwili uliozoea vinane kwa siku ukaimeza bila kuisikia. Siku ya pili akaanza kutoka jasho. Pua ikachuruzika. Miguu ikakataa kutulia, wakati huo mmoja una jeraha bichi. Dunia ile laini ikamgeuka. Alifumba macho aitafute ile asubuhi yenye sufi, akakuta mahali penyewe papo, jamvi lipo, mito ipo, ila hakuna aliyemtazama. Alimwita mama yake mbele ya watu, mtu wa miaka sitini na moja, na mimi nilipofika hapa jana barazani nilishindwa kuinua kikombe.

Madaktari wakachanganyikiwa. Wakapima damu, wakapiga picha, wakaligusa jeraha. "Mfupa umekaa vizuri," walisema, "lakini mtu haumwi namna hii bila sababu. Huenda kuna kitu kimeharibika ndani. Kesho tumrudishe chumba cha upasuaji, tufungue tuone." Mkewe aliposikia neno kufungua alikaa chini sakafuni. Watu wa safu ya mbele wakasema huu ni mtihani wa wacha Mungu.

Mchana huo, saa ya kuwaona wagonjwa, aliingia mzee wa kiti. Abiria. Ametoka mjini kwa bajaji, anatembea kwa mikongojo miwili, na kutoka mlango wa wodi mpaka kitandani alipumzika mara tatu. Wakampa kiti cha wageni. Alikaa akamtazama mgonjwa muda mrefu bila kusema pole, mpaka watu wakaona hana adabu.

"Unapiga miayo," alisema mwishoni. "Mtu mwenye maumivu makali hapigi miayo. Na malaika ya mikononi yamekusimama na hakuna baridi." Akawageukia watatu wa mbele. "Ninyi tokeni nje."

"Mzee, sisi ni ndugu zake."

"Ndiyo sababu. Tokeni."

Wakatoka wamenuna. Akabaki mke peke yake, pale sakafuni.

"Ulikuwa unameza vingapi, mwanangu?"

Fundi aligeuza uso ukutani. Mzee hakuwa na haraka. Mke wa fundi akafungua mdomo, kisha akaufumba, akamwachia mumewe aseme mwenyewe.

"Vinane."

"Mimi nilifika kumi na viwili," mzee alisema. "Nilisimama bega kwa bega na wewe, na hukujua, maana nilikuwa mzuri wa kuficha. Siku moja nikajikuta nimesimama na sijui kama naswali adhuhuri au naswali alasiri. Nikaogopa. Nikaenda kumwambia daktari, akanisaidia kuviacha kidogo kidogo. Viliondoka, maumivu yakabaki. Ndipo nikaomba nitafutiwe kiti." Akaiegemeza mikongojo yake kitandani. "Ukaniita abiria. Nikacheka, nisije nikalia mbele yenu."

Fundi alilia. Na machozi yale, tofauti na ya msikitini, alijua yanatoka wapi.

"Kesho watakufungua wanatafuta ugonjwa ambao haupo," mzee alisema. "Nimwite yule binti, au utamwita wewe?"

Alimwita mwenyewe. Binti akaja, akavuta kiti, akasikiliza yote, vinane kwa siku, mtu wa sokoni, koti. Hakumkaripia. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, baba?"

"Nilikuwa na wageni," fundi alisema.

Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa najua ninamtibu nani," alisema. Akabadilisha kipimo, akachanganya na dawa za namna nyingine, akaamuru mgonjwa aangaliwe kila saa, akamweleza kwamba hawatamkatia ghafla, watampunguzia wiki kwa wiki mpaka ziishe. Habari ya kufungua jeraha ikafutwa. Ilipofika magharibi fundi alilala. Hakuota kitu chochote.

Ilichukua miezi mitano, na katikati aliteleza mara moja, akaenda sokoni, akarudi akamwambia mkewe siku hiyo hiyo. Nyonga ikapona. Lakini daktari alimwambia kwa sasa asishuke chini, akae. Siku aliyorudi msikitini alikuja na kiti chake, akakiweka kule nyuma kando ya mzee, karibu na viatu. Sijda yake ikawa kuinamisha kichwa tu, fupi, na katika ufupi ule alilijua kila neno alilolisema.

Watu walimtazama. Mnajua walisema nini? Walisema, "Imani yake imepungua. Zamani alikuwa anasujudu, siku hizi anadonoa kama kuku."

Huyo ndiye mtu wangu. Sasa tuzungumze sisi.

Tukitaka wa kumlaumu, tutakimbilia kwa mtu wa sokoni, na lawama anayo, simtetei. Lakini siku ile binti alipouliza, mtu wa sokoni hakuwepo wodini. Waliokuwepo ni watu watatu wenye machungwa. Walikuja kwa mapenzi, wakakaa kitandani kwa mapenzi, wakamfunga mdomo kwa mapenzi. Walimpenda mtu wa sijda ndefu, na aliyelala pale hakuwa yeye. Mara ngapi tumemsifu mtu mpaka akakosa pa kushukia? Mara ngapi tumemcheka aliyeketi, kisha tukashangaa kwamba aliyesimama anajiua ili asiketi?

Basi nawaomba mambo madogo kabisa. Tukienda kumwona mgonjwa, na daktari akasema tupisheni, tupishe, hata kama mgonjwa anatuambia tubaki. Tukiulizwa sisi dawa tunazotumia, tuzitaje zote, na ile ya aibu tuitaje kwanza. Na kama humu ndani yuko mwenye kitu mfukoni mwa koti sasa hivi, simwambii akitupe leo, maana kuacha ghafla peke yako kuna hatari yake. Namwambia aende kwa daktari, na akitaka mtu wa kumsindikiza, mimi nitakwenda, nitakaa nje kwenye benchi, sitauliza.

Kwa sababu hili ndilo lililonipotezea chai yangu. Yule fundi alikuwa mtu wa dini. Aliamini kwamba Mungu anaona. Mungu alikijua kidonge cha kwanza, na cha pili, na cha nane, alikijua kila kimoja na saa yake, na fundi alijua kwamba anajua, na bado aliweza kusimama mbele Yake kila siku mara tano. Ambao hatukujua ni sisi. Na aliyemwogopa, mpaka akawa radhi apasuliwe mara ya pili, hakuwa Mungu.

Inukeni tunyooshe safu. Anayeumwa akae, asiulizwe.